Ukuta Kwanza, Kitambaa Baadaye

Astridah Mulenga aliuza vitambaa katika soko la Masala, mjini Ndola. Alivifuata mwenyewe vilikotoka. Alikwenda Lubumbashi kununua vitenge. Alikwenda Beira kununua vitambaa vya kapulana. Mara mojamoja alipanda basi mpaka Dar es Salaam, akarudi na kanga na mashuka.

Mapazia mengi ya mtaa wa Lubuto yalipitia mikononi mwake. Ukiingia kwa mchungaji, kitambaa cha meza kilitoka kwa Astridah. Ukiingia kwa mwalimu mkuu, foronya za mito zilitoka kwake. Lakini nyumbani kwake mwenyewe, dirisha la sebule lilizibwa kwa shuka kuukuu. Mfinyanzi hulia gaeni.

Sebule yake ilikuwa ghala. Marobota yalipangwa kuta zote, karibu yafike darini. Katikati ilibaki njia nyembamba ya kwenda vyumbani. Mumewe, Protasio, alikuwa mpakiaji wa saruji kiwandani, mtu wa mabega mapana. Akirudi jioni alipita hapo ubavuubavu.

"Mama Mwenya," alisema siku moja, "nikifa, jeneza langu mtalipitisha dirishani."

"Punguza kula," mkewe alimjibu. "Utapita."

Waliishi hivyo miaka mingi, wakicheka. Kisha mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado nzito, binti yao Mwenya alikuja na habari. Alimkuta mama yake akichambua dagaa wa kapenta.

"Mama, kina Chibesa wanataka kumleta mshenga."

Astridah aliacha kapenta, akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Chibesa walimjua. Alikuwa fundi umeme, kijana mwenye adabu.

"Lini?"

"Wakati wa baridi, baada ya mavuno. Ila, Mama..." Mwenya aliangalia chini. "Nimeshaongea na shangazi Regina. Watapokelewa kwake."

"Kwa Regina? Wewe ni mtoto wa Regina?"

"Mama, hapa watakaa wapi? Juu ya marobota?"

Astridah aliendelea kuchambua kapenta, lakini sasa alikuwa anatupa wazima na kubakiza vichwa.

Kesho yake Regina mwenyewe alifika. Alikuwa dada yake Protasio, mwanamke mwenye sauti kubwa na nyumba kubwa. Alisimama mlangoni, akachungulia ndani.

"Wifi, usijisumbue," alisema. "Kwangu kuna makochi ya ngozi. Wageni watakaa kama watu. Wewe njoo na sufuria zako tu, utusaidie kupika."

"Nikapike kwenye shughuli ya mwanangu mwenyewe?"

"Sasa utafanya nini? Utamkalisha mshenga kwenye robota, umwambie akiinuka achague rangi?" Regina alicheka sana.

Astridah alijifunga kitenge chake upya kiunoni.

"Asante, wifi, kwa moyo wako. Lakini Mwenya ataposwa nyumbani kwao. Mshenga atakaa sebuleni kwangu."

"Sebule ipi?"

"Utaiona."

Alianza kazi siku hiyohiyo. Yeye na Protasio waliyahamisha marobota moja baada ya jingine. Walipofika yale ya chini, walisikia harufu ya uvundo. Robota la mwisho lilikuwa limelowa. Vitenge vyake vilikuwa na madoa ya kijani, na vilichanika kama karatasi. Nyuma yake, ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu kutoka sakafuni mpaka usawa wa goti.

"Na ndiyo maana nakohoa kila nikikaa hapa," alisema Protasio.

"Tutapaka rangi," alisema Astridah. "Rangi itafunika."

Aliwahi kuona mapokezi ya hoteli moja kule Beira. Kuta zilikuwa za zambarau, zinang'aa kama kioo. Tangu siku hiyo alitamani sebule ya namna ile. Basi alinunua rangi ya mafuta ya zambarau, ya bei kali. Jumamosi nzima yeye na Mwenya walipaka juu ya ukungu uleule. Jioni ukuta uling'aa. Astridah alisimama barabarani ili auone kupitia dirishani, akatabasamu.

Mvua ilinyesha wiki nzima. Rangi ikaanza kuvimba. Yalitoka malengelenge, kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Mwenya alibonyeza lengelenge moja kwa kidole. Likapasuka, maji yakachuruzika.

"Mama," alisema polepole, "tukubali tu. Twende kwa shangazi."

Astridah alikuwa amechoka. Fedha ya rangi ilikuwa imekwenda. Aliketi kwenye robota, akaukabili ule ukuta.

"Nilivuka mpaka wa Kongo na wewe mgongoni, una homa," alisema. "Askari wakanirudisha mara mbili. Nilivuka. Sitashindwa na ukuta ambao hata haunijibu. Nenda kaniitie Bi Kasonde."

Kasonde aliishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi majumba na makanisa, na suruali yake ilikuwa na matone ya kila rangi. Alikuja akitafuna muwa. Aliuona ukuta, akaacha kutafuna.

"Mama Mwenya! Ulipaka rangi gani?"

"Ya mafuta. Ghali!"

"Ndiyo maana. Ukuta una maji ndani, nawe umeuvalisha koti la mvua. Maji yanatafuta pa kutokea."

"Basi niambie rangi iliyo kali zaidi."

"Huhitaji rangi kali. Kwanza tujue maji yanatoka wapi."

Kasonde alikwangua sehemu ndogo mpaka plasta ikaonekana. Akabandika hapo kipande cha nailoni, akazibana kingo zote kwa selotepu. Kesho yake asubuhi alirudi, akakibandua.

"Tazama. Maji yako upande gani?"

"Upande wa nyuma," alisema Mwenya. "Ulioelekea ukutani."

"Vizuri. Yangekuwa upande wa mbele, ningesema ni mvuke wa chumbani. Mngefungua tu madirisha. Lakini haya yanatoka ukutani. Twendeni nje."

Nyuma ya ukuta ule palikuwa na tuta la maua. Udongo ulikuwa umelundikwa mpaka juu ya msingi wa nyumba. Pembeni palikuwa na meza ya kuoshea vyombo, na chini yake matope meusi. Juu, mfereji wa bati ulikuwa umepasuka.

"Nani anamwaga maji hapa?" Kasonde aliuliza.

Mama na binti walitazamana.

"Wote," alisema Mwenya.

"Basi mnamwagilia sebule yenu kila siku. Ukuta hunywa maji kama utambi unavyonywa mafuta ya taa. Mnaupa maji chini, mfereji unaupa juu, na udongo unayashika yasikauke. Hata ungepaka dhahabu, ingebanduka. Ukuta kwanza, kitambaa baadaye."

Siku zilizofuata waliacha kabisa habari ya mapambo. Protasio alishika chepeo. Alichota udongo wote mpaka msingi ukaonekana, kisha akachimba mtaro wa kupeleka maji mbali na nyumba. Alitia changarawe mahali palipokuwa na matope. Aliuziba mfereji kwa kipande cha bati na lami. Meza ya vyombo ilihamia kwenye migomba.

Ndani, kazi ya rangi ilikuwa mbaya zaidi. Ilibidi itoke yote.

"Msikwangue kavu," Kasonde aliwaonya. "Nyumba hizi ni za zamani. Rangi za zamani nyingine zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesheni kwanza. Fungeni pua na mdomo. Wadogo zake Mwenya wakae kwa bibi yao. Magamba yote yatieni kwenye mfuko, msiyafagilie uani."

Ukungu waliusugua kwa maji yaliyotiwa jiki kidogo, madirisha yakiwa wazi na mikono ikiwa ndani ya glavu. Mwenya alitaka kuongeza dawa ya choo ili ing'arishe. Kasonde alimshika mkono.

"Hapana, mwanangu! Jiki haichanganywi na dawa ya choo, wala siki. Utatoka mvuke wa kukuharibu mapafu."

Kisha wakasubiri. Hilo ndilo lililomshinda Astridah kuliko yote. Mvua zilikoma, upepo mkavu ukaja, na kila asubuhi aliweka kiganja chake ukutani kama anayempima mtoto homa. Regina alipita mara kwa mara.

"Wifi, naona sasa umepiga hatua," alisema akiutazama ukuta mtupu. "Mwanzo ilikuwa ghala. Sasa ni gofu."

"Ni gofu kavu," Astridah alijibu. "Njoo ulishike."

Siku nailoni ilipotoka kavu pande zote mbili, Astridah aliitembeza kwa majirani kama cheti.

Fedha iliyobaki haikutosha rangi ya dukani. Kasonde alisema haikuwa lazima. Chokaa Ndola iko tele na ni rahisi. Alinunua mfuko mmoja wa chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, akaichekecha, akaichanganya na maji mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Wakailaza usiku kucha.

"Chokaa huacha ukuta upumue," alieleza. "Lakini huchoma. Vaeni glavu na miwani. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na uende zahanati. Lowesheni ukuta kidogo kabla ya kupaka. Pakeni nyembamba. Ikikauka, rudieni. Msiogope mkiiona kama maji. Itakuwa nyeupe ikikauka."

"Nyeupe tu?" Astridah alinung'unika. "Mimi nataka rangi! Nataka mgeni akiingia ajue nimetembea."

"Lete vitambaa vyako nivione."

Astridah alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda. Hata Mwenya hakuwahi kuona vilivyomo. Katika kila safari, mama yake alikata kipande kimoja cha kitambaa alichokipenda zaidi, akakificha humo. Alivitoa vyote, akavitandaza sakafuni. Sebule nzima ikawaka.

"Hivi vyote vinakwenda ukutani," alisema.

Kasonde alitikisa kichwa.

"Hapo unapanga meza ya sokoni. Sokoni unataka kila kitambaa kimwite mteja. Nyumbani unataka mgeni apumzike. Ukuta ukipiga kelele na kitambaa kikipiga kelele, mgeni atatafuta mlango. Chagua kimoja kiwe mama wa nyumba. Vingine vimfuate."

Astridah alivipitia kwa kidole. Akachukua kitenge cha Lubumbashi, chenye majani ya kijani, maua mekundu na uwanja wa manjano ya haradali.

"Kwa nini hicho, Mama?" Mwenya aliuliza.

"Basi letu lilikufa porini tukirudi. Tulikuwa wanawake saba. Tulifungua robota langu, tukajifunika hiki wote saba, tukaimba mpaka kukacha. Abiria wanaume walituomba pembe la kitenge. Tuliwauzia."

Mwenya alicheka. Kisha akakishika kile kitenge.

"Kumbe," alisema. "Mimi nilijua unakwenda na kurudi tu. Hujawahi kunisimulia."

"Hujawahi kuniuliza. Na mimi nilikuwa na haraka ya kuuza."

Alasiri hiyo hawakupaka ukuta. Mwenya aliinua kipande kimoja kimoja, na mama yake akamweleza kilitoka wapi.

Kutoka kwenye kitenge kile walichukua rangi tatu basi: manjano, nyekundu, kijani. Kuta tatu walizipaka chokaa nyeupe, kwa sababu chumba kilikuwa na dirisha moja na kilihitaji mwanga. Ukuta wa nne, uliolielekea dirisha, waliupaka chokaa iliyotiwa unga wa rangi ya manjano. Unga ulikuwa mkebe mdogo tu. Kasonde aliupaka mchanganyiko kwanza kwenye ubao na kuuacha ukauke, maana rangi ya chokaa ikiwa mbichi hudanganya.

Protasio aliomba kiwandani mbao za kubebea mizigo, zile ambazo hawazihitaji tena. Kasonde alizikagua moja moja. Zenye alama ya HT alizichukua, kwa sababu hizo zilitibiwa kwa joto. Yenye alama ya MB aliirudisha.

"Hii ilipuliziwa dawa ya sumu. Usiilalie, na usiichome moto."

Mbao zikapigwa randa na msasa, zikawa mabenchi mawili marefu. Mwenya alishona mito, akaijaza vipande alivyoviomba kwa mafundi cherehani, vikafuliwa na kuanikwa juani. Pazia lilishonwa kwa kitenge cha kijani, na nyuma yake likatiwa marekani ili jua lisikichujishe. Vitambaa vitano vilinyooshwa kwenye fremu za mbao na kutundikwa mbali na nyaya za umeme. Kati ya fremu na fremu waliacha nafasi. Vingine vilirudi sandukuni. Astridah alivirudisha kwa uchungu, lakini alivirudisha. Marobota yalikwenda kwenye kibanda cha nyuma, juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta.

Fremu ya mwisho ilikuwa ya kanga ya Dar es Salaam, nyekundu na nyeupe, yenye maandishi ya Kiswahili. Kiswahili cha Astridah kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, mwizi wewe. Kukisoma hakujua, na wa nyumbani mwake hawakukijua kabisa. Alikipenda kile kitambaa kwa uwekundu wake tu. Maandishi yalisema: HASIDI HANA SABABU. Wakaitundika juu ya benchi la heshima.

Siku ya mshenga ilikuwa ya baridi kali. Aliitwa Mzee Katongo, mjomba wa Chibesa, mtu mfupi mwenye kofia ya manyoya. Alifuatana na wazee wawili. Regina alikuwa amekwisha fika. Aliingia sebuleni akiwa amejiandaa kusema jambo. Alizungusha macho ukuta hadi ukuta. Lile jambo halikutoka. Kama shangazi wa binti, aliketi benchi la heshima, katikati kabisa.

Wageni waliingia. Mzee Katongo aliinua uso, akaisoma kanga, akamtazama aliyekaa chini yake. Midomo ilianza kumcheza. Akatoa leso, akajifanya anapenga kamasi.

"Vipi, mzee?" aliuliza Regina. "Baridi?"

"Baridi, mama. Baridi tu." Alikohoa. "Niliendesha lori la shaba mpaka Dar miaka ishirini. Nimefurahi kuona kanga."

"Imeandikwa nini? Wifi yangu huyu hununua hata asichokijua."

Wote wakamgeukia mzee. Mzee Katongo alikuwa mshenga, na kazi ya mshenga ni kuleta watu pamoja.

"Imeandikwa," alisema, "aliyekaa hapa asifiwe."

Regina alijinyoosha mgongo.

Sahani iliyofunikwa ikaletwa, kama ilivyo desturi ya posa, na ndani yake ushanga mweupe na fedha kidogo ya adabu. Protasio aliipokea kwa mikono miwili. Maneno yalikwenda vizuri. Yalipokwisha, na wageni wamekula ubwali, yaani ugali, kwa kuku wa kienyeji, mmoja wa wazee aliuliza vitambaa vile vilitoka wapi. Astridah alifungua kinywa, lakini Mwenya alikuwa amekwisha simama.

"Hiki ni cha Beira," alisema. "Mama alikwenda mwaka wa mafuriko, akavuka mto kwa mtumbwi, robota likiwa kichwani. Na hiki ni cha Lubumbashi. Ngoja niwaeleze cha Lubumbashi."

Alieleza vyote. Astridah alisimama kwenye mlango wa jikoni akiwa na bakuli la maji ya kunawa, na hakukumbuka kulipeleka.

Wakati wa kuaga, Mzee Katongo alimnong'oneza Astridah maana ya kweli ya ile kanga. Astridah alishika mlango asianguke kwa kicheko. Wageni walipotoka tu, aliihamishia chumbani kwake.

Tangu siku hiyo Protasio hakohoi tena jioni. Sebule inakaliwa. Majirani huja kuuliza habari za chokaa, na Kasonde amepata kazi nyingine nne mtaani hapo hapo.

Wiki mbili baada ya posa, Regina alikuja peke yake. Hakuchungulia, alibisha hodi. Aliketi, akanywa chai, akasifu sukari. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Wifi, nyumbani kwangu kuna harufu. Nimepulizia manukato, haiondoki. Iko nyuma ya yale makochi ya ngozi."

Astridah alikuwa na mengi ya kusema, na yote yalikuwa matamu. Aliyameza. Aliingia ndani, akatoka na nailoni, selotepu na kikwangulio.

"Twende," alisema. "Lakini tuanzie nje. Nionyeshe unakomwaga maji."